Kijana wa floti amekula mtaji kwa kubeti, mume wangu anataka alale ndani

Shangazi, habari ya siku nyingi. Mimi nakusoma kimya kimya tu miaka yote, sijawahi kuandika, lakini leo imebidi maana kichwa kinauma, mume ananiambia hivi, watu wa kanisa wananiambia vile, na mwenye duka ni mimi.

Niko Busia, hii ya Uganda. Nina hadwea, si kubwa vile, simenti, mabati, nondo, misumari, rangi, na hapo mlangoni nilitoa kijisehemu nikaweka mobail mani, na kusema ukweli hicho kibanda ndicho kinaniletea watu, mtu anakuja kutoa pesa anakumbuka alikuwa anatafuta kufuli. Wafanyakazi ni saba pamoja na fomani wa stoo. Wa mobail mani ni kijana wa miaka 23, mamake tunasali naye, nilimchukua akiwa amemaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, hana karo ya kuendelea, sasa ana miaka miwili na miezi minne kwangu. Mpole, ana heshima, Kiswahili anaongea, Lusamia anaongea, Luganda ya wateja wa Kampala anaongea, watu walikuwa wanakuja wanamuulizia yeye tu.

Mtaji wa kile kibanda ni milioni 6. Mimi nahesabu mwisho wa mwezi komisheni ikishaingia. Katikati ya mwezi naangalia tu droo, nikiona keshi iko nalala. Nikimuuliza mbona floti, yaani ile pesa ya biashara iliyo kwa simu, imeshuka hivi ananiambia mama leo watu wameweka sana, na mimi nakubali, hapa mpakani watu wanaweka pesa kama wanamwaga maji.

Sasa mwezi huu nahesabu naona imepungua 1,860,000. Nikahesabu tena. Nikatoka nje nikanywa maji, nikarudi nikahesabu tena, ni ile ile.

Fomani ndiye alinifungua macho, akaniambia mama huyu kijana anacheza kandege, ile ya kwa simu inapaa halafu inapotea, anacheza hapo hapo kaunta wateja wamepanga foleni. Nikamwita. Hakukataa, alilia. Anasema alianza na pesa yake mwenyewe akapoteza 70,000, akaona achukue floti kidogo airudishe, na mara moja kweli alipata 600,000 akarudisha 200,000 kwa floti yangu mimi nisijue, halafu baada ya hapo ikawa inaenda tu. Anasema hakuiba, alikuwa anaazima. Shangazi, kuazima gani mwenye kitu hajui?

Hasira ilinipanda nikafanya mambo matatu haraka haraka. Mume wangu alichukua simu ya kijana tukaifungua tukasoma mesej zote, mpaka za msichana wake, na simu bado tunayo nyumbani. Halafu niliandika kwa grupu ya watsapu ya duka, nikamtaja jina na kiasi, ili wengine waogope. Halafu nikakata wale wengine sita 50,000 kila mmoja kwa mshahara, maana walijua wakanyamaza. Sasa wawili wamenuna hawanisalimii na mmoja anasema ataenda kwa watu wa leba, ofisi ya kazi.

Kabla ya hii mambo, kubeti kwa duka ilikuwa kitu cha kuchekea. Kila Jumamosi fomani anakusanya elfu mbili mbili wanaandika mkeka mmoja wa ligi ya Uingereza, mume wangu pia anatuma elfu mbili yake, anaitetea Arsenal kama ni ukoo wao. Saa ya chakula huko stoo wanacheza ludo, kama ni ya pesa sijui, sijawahi kuuliza. Sikuona ubaya maana wanasaidiana, mtu akiishiwa fomani anamkopesha asinisumbue mimi, ukichukua 50,000 mwisho wa mwezi unarudisha 65,000, na siku ya mshahara wanalipana wenyewe pale nje. Huyo fomani ni mkono wangu wa kulia, ana miaka minane na mimi.

Na mimi pia nilikuwa nampa kijana advansi, mwezi uliopita mara tatu. Alisema mamake mgonjwa. Mamake nilimuona kanisani anacheza ngoma mbele ya kwaya, lakini sikuuliza.

Leo ni siku ya tisa tangu nijue. Kijana bado anakuja kazini, anakaa pale nje juu ya mifuko ya simenti, simfukuzi na simpi kazi. Mume anasema tumpeleke polisi alale ndani wiki moja, watu wake watatoa pesa wenyewe. Mamake ananipigia usiku analia. Mshahara wake ni 400,000, hata nikikata wote ni karibu miezi mitano. Nifanye nini?

Mama Duka, Busia

Shangazi anajibu

Mama Duka, pole sana. Barua yako imenifikia jana usiku, kwa hiyo kwa hesabu yangu leo ni siku ya kumi, na naanza hapo maana hapo ndipo panawaka. Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inampa mwajiri siku 15 tangu ajue kosa awe ametoa adhabu ya nidhamu, zikipita unahesabiwa umeiacha haki yako ya kuadhibu. Umebakisha tano. Huku kumkalisha mtoto wa watu juu ya simenti, wateja wanapita wanamuangalia, si adhabu na si msamaha, ni wewe hujaamua na kila mtu pale dukani anaona hujaamua.

Kesho asubuhi mpe barua fupi, mstari wa kwanza kosa ni nini (pesa za floti kiasi hiki, kati ya tarehe hii na hii, na kucheza saa za kazi), mstari wa pili kikao ni lini, mstari wa tatu kwamba anaruhusiwa kuja na mtu wake. Mpe siku mbili ajiandae. Kama hutaki kumuona machoni siku hizo mbili, sheria inakuruhusu kumsimamisha wakati unachunguza, lakini kwa nusu mshahara na isizidi wiki nne, na wewe huhitaji wiki nne, kijana ameshakubali mwenyewe. Kikao kiwe kwa lugha ambayo yeye anaielewa, hiyo imo ndani ya sheria, si adabu yangu. Naona watu wengi hapa mpakani wanamwita mtu wanamsomea Kiingereza cha wakili kurasa tatu anatikisa kichwa tu. Ongeeni Kiswahili, na huyo mtu atakayekuja naye kama anajua Lusamia tu basi mtu atafsiri. Halafu msikilize kabla hujaamua, na ninasema kabla, usije na barua ya kufukuza imeshapigwa muhuri iko kwa mkoba.

Najua unaona Shangazi anakuletea siasa wakati pesa imeenda. Niliuza jumla Malaba miaka mingi, nikawa na dereva anayenyonya dizeli ya lori usiku. Nilimshika na jeriken mkononi, nikamfukuza pale pale getini na matusi juu. Akaenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mwizi wangu, na jeriken iko, na mashahidi wako, na bado nililipa mshahara wake wa wiki nne, kwa sababu sikumpa kikao. Kosa lake lilikuwa lake na langu likawa langu. Tena alikuja kuchukua pesa amevaa shati jipya.

Polisi sasa. Kuripoti wizi ni haki yako, sikukatazi, kiasi hicho si kidogo. Lakini anachotaka mzee wako si kuripoti wizi, anataka polisi wamfanyie kazi ya kukusanya deni. Ile wiki moja anayoisema haipo, katiba inasema saa 48 mtu awe amefikishwa kortini au ameachiwa kwa bondi. Na kesi ikishaandikwa inakuwa ya serikali, siku mamake akileta nusu ya pesa na wewe unataka iishe, utaambiwa ngoja, mara ni tarehe nyingine, mara ni nauli ya shahidi. Kama ukienda, nenda kwa sababu umeamua iwe kesi mpaka mwisho.

Yale mambo matatu ya hasira yarudishe moja moja, tena kabla ya kikao, la sivyo kikao kitageuka kuwa chako wewe. Simu irudi leo. Si kesho, leo, na mzee ndiye aipeleke. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata bila sheria, mesej za msichana wake zinahusiana nini na floti? Laini yako ya ejenti ndiyo yako, omba taarifa ya miamala ya mwezi mzima, utaona namba yake imewekewa lini na kiasi gani, huo ndio ushahidi na unatosha. Kwa grupu, futa ile mesej, andika nyingine ya mistari miwili kwamba ulikosea kutangaza jambo la mtu hapo na linashughulikiwa ofisini.

Na zile 50,000 za watu sita, Mama Duka, hizo ni 300,000 za watu ambao hawajagusa floti yako. Sheria imetaja vitu gani vinaweza kukatwa kwa mshahara, na faini ya kundi kwa kosa la mmoja haimo. Yule anayesema ataenda leba akienda atashinda. Mrudishie kabla hajapanda boda. Unasema walijua wakanyamaza, sawa, jiulize wangemwambia nani? Wewe Jumamosi ulikuwa unaona mkeka unaandikwa unacheka, mume wako amechangia. Mtu atakuja kukuambia nini ambacho hujakiona?

Sasa floti. Hapa nitakugombeza kidogo na unisamehe. Kibanda cha mobail mani kina hesabu moja tu: floti kwa simu ukijumlisha na keshi kwa droo lazima ikupe mtaji wako, saa yoyote, mvua au jua. Asubuhi una floti milioni 4 na keshi milioni 2, ni 6. Mteja akiweka 100,000, floti inakuwa 3,900,000 na keshi 2,100,000, bado ni 6. Akitoa ni kinyume chake, bado ni 6. Kijana akijiwekea 100,000 mwenyewe bila kutia keshi, floti ni 3,900,000 na keshi ni ile ile 2,000,000, na hapo huna 6 tena. Mtoto wa P.5 anaiona. Wewe ulikuwa unaangalia droo peke yake, na droo hajaigusa, alikuwa anakula upande wa simu. Alipokuambia watu wameweka sana, ungemuuliza swali moja tu: kama wameweka sana, keshi yao iko wapi? Droo ingekuwa haifungiki.

Kwa hiyo kuanzia kesho jioni kila siku, dakika tano, unahesabu pande zote mbili, unaandika kwa daftari, mnaweka sahihi wote wawili. Pini ya ejenti ibadilishwe na asipewe mtu hivi hivi kwa sababu anasali na wewe. Na simu binafsi ya anayekaa kibandani inakaa kwa droo ya ofisi mpaka mapumziko, hiyo si kumtesa, benki nyingi hawaruhusu mtu wa kaunta kuchezea simu akihudumia. Sikulaumu ili uumie. Nakwambia kwa sababu ukimfukuza huyu ukaweka malaika, na malaika naye utahesabu naye mara moja kwa mwezi, mwezi wa tatu tunaandikiana tena.

Lakini sasa nije kwa kitu kilichonifanya nisome barua yako mara tatu. Unaniuliza nimfanye nini kijana. Barua yako imejaa mtu mwingine.

Nani anakusanya elfu mbili za Jumamosi? Fomani. Ludo inachezwa wapi? Stoo, kwa fomani. Mtu akiishiwa anakopa kwa nani? Fomani, 50,000 inarudi 65,000, yaani kwa mwezi mmoja anakula 30 kwa kila 100, hakuna benki hapa Uganda inakutoza hivyo kwa mwezi. Siku ya mshahara pesa yako inatoka mkononi mwako inatembea hatua kumi inaingia mfukoni kwa nani? Na nani alikuja kukuambia kijana anacheza, tena alijua mpaka mchezo wenyewe na alikuwa anauchezea wapi, lakini akasubiri mpaka wewe mwenyewe umehesabu na kukuta shimo?

Simhukumu mtu ambaye sijamuona. Pengine ni mtu mwema kweli na alianza kwa huruma. Lakini muulize kijana kwenye kikao, taratibu, bila mzee wako kuwa pale: wewe unadaiwa na nani hapa dukani, na kiasi gani? Naweka dau, samahani neno lenyewe, kwamba ile 70,000 ya kwanza haikuwa "pesa yake mwenyewe". Mtu wa 400,000 anayelipa riba kila mwezi hana pesa yake mwenyewe, ana pesa ya njiani. Na mtu mwenye deni linalokua ndiye anayeiona kandege kama mlango. Mimi kubeti kwa kazini sikuogopi sana kwa sababu ya mpira, naogopa pale mkubwa anapokuwa ndiye anayekusanya na ndiye anayekopesha, maana mdogo hawezi kukataa. Nani atakataa mchango wa Jumamosi wakati fomani ndiye anapanga nani apakie lori na nani akae kivulini?

Huyo usimwadhibu kwa yale uliyokuwa unayaona na kuyasifu, si haki na hutashinda. Lakini yakome, wiki hii. Mwite peke yake, mwambie mikopo ya riba ndani ya duka imekwisha. Mwambie pia kwamba anayefanya biashara ya kukopesha kwa riba anatakiwa leseni, kuna sheria ya 2016, na anayechezesha watu kamari anatakiwa leseni, ni sheria nyingine ya mwaka huo huo. Hahitaji kutishwa, anahitaji kujua unajua. Akiendelea baada ya hapo ndipo nidhamu inaanza, na hapo kumbuka miaka minane ina notisi ya miezi miwili, si kama kijana wako ambaye ni mwezi mmoja.

Tuje kwa kijana mwenyewe. Ana miaka 23. Hiyo sheria ya 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kamari inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza hapa Uganda. Kwa hiyo hata huo mkeka wenu wa Jumamosi, kila mlipochukua elfu mbili yake mlikuwa mnamvusha mstari, na mzee wako naye alikuwa anachangia mkeka huo huo.

Anavyosema "nilikuwa naazima" usimcheke. Kichwani kwake ni kweli, alirudisha 200,000 na ndiyo inayomuua. Angepoteza tu tangu mwanzo angeogopa mapema. Ile 600,000 ilimfundisha kwamba inarudi. Vijana wengine ni mkeka, timu kumi kwa tiketi moja, mechi tisa zinaingia ya kumi inaharibu anakwambia nimekosa kidogo tu. Hajakosa kidogo. Hata kama kila mechi ingekuwa nusu kwa nusu, tiketi ya timu kumi inaingia mara 1 kati ya 1,024. Na kandege ni mbaya kuliko mkeka kwa sababu mkeka angalau unasubiri dakika 90, kandege inaisha kabla mteja hajamaliza kusoma namba yake ya simu.

Kuna kufika mahali inakuwa ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani limeuandika kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Dalili umeniandikia mwenyewe bila kujua: kufukuza hasara, kudanganya juu ya mama mgonjwa, advansi tatu mwezi mmoja. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, si mbali na nyinyi, na hospitali ya akili ya Butabika iko Kampala. Mpe siku ya kwenda. Usimlazimishe, mwambie ni sehemu ya makubaliano kama anataka kubaki. Mamake pia aambiwe, lakini na kijana mwenyewe, wewe ukiwa pembeni, na aache kukupigia usiku.

Abaki au aende? Sheria iko upande wako ukiamua aende, mtu wa floti akila floti amevunja kazi yenyewe, ila kikao kwanza. Mimi ningembakisha, na nakwambia ni mimi, wewe una duka lako na macho yako. Ningemtoa kibandani asirudi tena kwenye pesa, si mwaka huu si mwaka ujao, nimpe onyo la maandishi ndani ya hizo siku tano, awe upande wa kuuza na kupakia. Si stoo, mpaka stoo iwe imesafishwa. Mtu aliyekubali siku ya kwanza bila kukataa ana kitu cha kufanyia kazi, mimi dereva wangu aliniapia kwa kaburi la babake na jeriken iko mkononi. Lakini ukihisi kila ukimuona damu inachemka, basi afadhali aende vizuri kwa mwezi wake wa notisi kuliko abaki miezi sita unamsema kila asubuhi.

Deni alipe kwa vyovyote. Muandike, akubali kwa maandishi, 100,000 kwa mwezi, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na mtu wake waweke sahihi. Ni miezi 18 na kidogo, ndiyo ni mrefu. Ukikata 400,000 zote atakula nini, ataenda kwa nani kukopa? Unaona tunarudi wapi. Na advansi usifute kabisa, watu wana shida za kweli, badilisha njia tu: mgonjwa, unalipa hospitali, karo, unalipa shule. Advansi ya mkononi mara moja kwa miezi mitatu, basi.

Kisha ubandike karatasi ukutani, Kiswahili, mkono wako. Hakuna kubeti saa za kazi, kwa simu wala kwa karatasi. Hakuna mchango wa kubeti dukani, hata wa bosi. Hakuna kukopeshana kwa riba. Pesa ya duka ukiitumia hata kama utarudisha jioni ni kosa la kukutoa kazini. Ludo chezeni, ni mchezo mzuri, wanaume wakikaa bila ludo wanaongea siasa, lakini bila sarafu mezani. Anachofanya mtu Jumapili kwake na mshahara wake, kama ametimiza miaka, hilo usilifuate, wewe si mamake.

Na mzee wako. Hiyo karatasi haitashika hata wiki moja kama Jumamosi anatuma elfu mbili. Mwambie Arsenal ataitetea sebuleni.

Ukimaliza na kijana, mwombe fomani daftari la madeni, analo, wakopeshaji wote wanalo. Mwambie unataka tu kujua kila mtu anadaiwa kiasi gani ili ulipange liishe. Halafu uniandikie alisema nini.